Ulimi wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu nilimlisha kila asubuhi kwa miaka mitatu na sikumtazama hata siku moja. Alipokuwa mzima sikumtazama, na alipobaki kipande cha ulimi ndani ya sanduku la kioo sikumtazama pia. Watu wa mjini wakinisikia wanacheka. Nawaacha wacheke, hawakuolewa kwenye nyumba ile.

Siku hizi kwetu Rungwe mabinti wengi wanakaa meza moja na baba wakwe zao, wanapokezana chumvi, wanapiga stori, na dunia haijapasuka. Nyumba ya Anyelwisye, mume wangu, haikuwa hivyo. Pale mkamwana akisikia baba mkwe anakuja anajificha. Hamtazami usoni, hamsemeshi, na jina lake halitaji mpaka mmoja wao azikwe. Mzee mwenyewe hakuwa mkorofi. Akikaribia nyumbani alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha makusudi, ili nipate muda wa kujibanza. Kwa miaka kumi na nne nilimjua kwa kikohozi hicho, kwa harufu ya ugoro wake na kwa mlio wa gambuti zake kwenye matope. Uso wake ningepishana nao sokoni bila kuutambua.

Alhamisi ile nilifanya kama siku zote. Nilivaa glavu, nikageukia ukuta, nikapitisha mkono nyuma yangu chini ya kitenge kilichofunika sanduku, nikadondosha matone kumi ya maji ya sukari na tone moja la chumvi. Mashine ikachora mstari kwenye karatasi. Maana yake chumvi imefika, ulimi umeitambua, ulimi u hai. Kisha nikachukua fomu ya siku. Swali la mwisho kwenye fomu linauliza rangi ya ulimi, na mimi nikaandika kama nilivyoandika jana na juzi: nyekundu.

Pampu ya sanduku lile ilikuwa na ugonjwa wake. Kila baada ya muda ilikwama, ikakohoa mara mbili, ikaendelea. Fundi alisema ni hewa kwenye bomba. Haya, ni hewa. Lakini kila ilipokohoa miguu ilinipeleka nyuma ya mlango kabla akili yangu haijafika, na Sekela, mwenzangu wa jikoni, alikuwa akinikuta nimejibanza pale na beseni mkononi. Toka, aliniambia, mkweo keshapita. Alinitania hivyo, ila na yeye hakupenda kubaki peke yake na lile sanduku.

Nieleze tulichokuwa tukipika, maana wengine mlikuwa hamjazaliwa. Ile homa kubwa ilipopita iliacha watu wengi na mioyo legevu. Dawa za hospitali ziliwafaa wengi, wengine hazikuwafaa, na hao ndio walioangukia kwenye fuzi. Fuzi ni mzizi mweusi wa Wachina, wa kule Sichuan, wameutumia tangu enzi na enzi kwa mtu ambaye moyo umechoka na mikono na miguu imekuwa ya baridi. Ulipoletwa ukaipenda baridi ya mlima wetu, tukaulima juu ya mashamba ya viazi. Shida yake moja: ukiwa mbichi unaua. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinamtosha mtu mzima. Kwanza midomo inawasha kama sisimizi wanatembea juu yake, halafu inakufa ganzi, halafu moyo unaanza kupiga ovyo mpaka unaacha kupiga. Na ukiuchanganya na pombe ndiyo unajimaliza haraka zaidi.

Kinachoupunguza makali ni kulowekwa kwenye maji ya chumvi na kuchemshwa muda mrefu. Sasa huku juu kwetu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, ndiyo maana maharage yetu yanakula kuni bila kuiva. Kwa hiyo Nyumba ya Kupikia, lile jiko letu la dawa, ilikuwa na masufuria ya shinikizo, makubwa, yanawaka yenyewe saa kumi alfajiri na kuzima saa saba mchana. Saa tisa kamili. Lakini Mwalimu Tang, yule mama wa Kichina aliyetufundisha, hakuziamini saa. Alisema mzizi wa kila shamba una tabia yake. Kwao mpishi anaonja, anaweka tone ulimini, anangoja, na kama ulimi haukufa ganzi ndipo mgonjwa anapewa. Vipimo vilikuwepo Mbeya, ila majibu yalichukua siku mbili, na vilitafuta sumu zenye majina tu. Ulimi hauulizi jina.

Ndiyo zikaja hizi ndimi. Mwonjaji hodari anakatwa kipande kidogo, kinakuzwa ndani ya maji ya damu, kinaunganishwa na nyaya, na kila siku kinaonja sufuria badala ya mtu. Kikihisi sisimizi, taa nyekundu. Kikinyamaza nusu saa, taa ya kijani, na vikombe mia mbili na kumi na viwili vinatoka kwenda kwa wagonjwa, kila kimoja na kifuniko chenye kufuli kinachofunguka chenyewe kesho yake saa sita mchana.

Mwonjaji hodari kuliko wote alikuwa baba mkwe wangu. Alitia saini kwa mkono wake mwaka mmoja kabla ya kufa. Sheria ikataka mtunza ulimi awe wa familia, na hakuna mwingine kugusa. Anyelwisye ndiye mtoto pekee, lakini yeye mwenyewe ni mgonjwa wa moyo, mvuke wa jikoni ungemlaza siku ya kwanza. Nikabaki mimi. Ukoo ukakaa kikao. Wakasema ulimi wake bado unaonja, kwa hiyo mwenyewe hajamaliza kuondoka, na mwiko uko palepale. Wakaniruhusu kumgusa kwa glavu, kwa kisogo, na kitenge kikiwa juu. Mimi nikaona ni heshima. Hata fomu ile ya rangi nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Nyekundu, si ulimi? Ingekuwa rangi gani nyingine?

*

Saa tatu na nusu simu ikalia. Alikuwa Subilaga, fundi cherehani wa barabara ya chini, mama mcheshi ambaye alinishonea magauni yangu yote. Sauti yake ilikuwa nzito. Aliniambia tangu jana mchana alipokunywa kikombe midomo yake inawasha, hajaweza kushika sindano, na moyo unaruka-ruka. Nikamuuliza kama alikunywa pombe. Nilitaka sana awe amekunywa. Akasema, Mama Bupe, unanijua, mimi na kimpumu tuliachana mwaka juzi.

"Inawashaje?" nikamuuliza.

"Kama sisimizi," akasema.

Nikamwambia aende hospitali mara moja, asinywe kitu chochote kutoka kwetu. Nikakata simu nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Sababu ni hii. Jumamosi iliyopita tulimzika Mwalimu Lusekelo, mstaafu, mgonjwa wetu wa siku nyingi. Watu walisema moyo, na kweli moyo alikuwa nao. Lakini msibani, tukiwa tunamenya ndizi, mjane wake alisema jambo kwa sauti ya chini, hamwambii mtu maalumu. Alisema marehemu siku ile alikuwa anajifuta midomo kila dakika, anauliza hawa sisimizi wametoka wapi. Mimi nilisikia. Nilikuwa na kisu mkononi, nikaendelea kumenya. Nikajiambia mtu akikaribia kufa anasema mengi. Ndizi ile niliimenya mpaka nikaikata katikati, nakumbuka.

Basi pale kwenye ndoo ikanijia tena sauti ya yule mjane, na juu yake sauti ya Subilaga, na nyuma yao pampu ikakohoa mara mbili. Safari hii sikukimbilia mlangoni.

Nikalivuta kabrasha la karatasi za mistari nikaanza kurudi nyuma siku moja moja. Jana, kijani. Juzi, kijani. Wiki iliyopita yote, kijani. Nilirudi mpaka siku thelathini na moja, na taa nyekundu sikuiona. Zamani mzee alikuwa mbishi. Wiki haikwisha bila kuikataa sufuria moja au mbili, tukairudisha motoni, Sekela akilalamika kwamba hata akiwa ulimi mtupu anapenda kutusumbua. Siku thelathini na moja hakukataa kitu. Nasi tulifurahi. Ofisi ya mkoa ilituletea cheti cha usafi, kikatundikwa ukutani, na mimi nikapigwa picha chini yake na kitambaa kipya kichwani.

Na siku thelathini na sita nyuma tulikuwa tumeanza kuvuna shamba jipya la juu, lile lenye udongo mweusi. Mizizi minene, inalowekwa siku tano kabla ya kuingia sufuriani. Sekela aliisifia.

Nikaenda kusimama mbele ya sanduku, uso ukutani. Chumvi anaitambua, niliwaza, kila asubuhi anaitambua. Halafu nikakumbuka darasa la Mwalimu Tang, siku ambayo nilikuwa nimeinamia daftari huku nikiona aibu kutazama hata mchoro. Alisema kuonja ni neva moja, kuhisi ni nyingine. Mtu anaweza kuijua chumvi na asihisi kisu. Ulimi wa sandukuni unachoka upande mmoja kwanza, alisema, na ukichoka kuhisi hautapiga kelele, utanyamaza, na kunyamaza kwake mashine itakusoma kuwa ni usalama. Ndiyo maana kila siku lazima uutazame. Alirudia neno hilo, na nadhani alirudia kwa sababu yangu.

*

Hakuna aliyenilazimisha kuuvunja ule mwiko. Mkaguzi angekuja mwezi ujao, ningeweza kumsubiri. Sekela alikuwa nje anaosha mizizi, ningeweza kumwita atazame yeye, sheria ikafie mbali. Lakini nilijua kwamba nikimwita nitakuwa najificha nyuma ya mlango mara nyingine tena.

Nilivua kitambaa kichwani, sijui kwa nini. Nikakohoa mara mbili, kama alivyokuwa akinifanyia yeye, ili kama yupo ajue nakuja. Kisha nikageuka nikakivuta kitenge.

Nilitegemea nini? Nilitegemea hasira. Miaka yote nilihisi kuna mtu nyuma ya mgongo wangu, mzito, anayeningoja nikosee. Nilichokiona ni kidogo mno. Kipande kama cha ini la kuku kimelala kwenye maji ya pinki, nyaya nyembamba kama nywele zimekizunguka. Upande wa kushoto ulikuwa mwekundu kweli. Upande wa kulia, kule zinakoingia nyaya za kuhisi, ulikuwa wa kijivu, umenywea, pembeni umeanza kumomonyoka, na vipande vyake vimetulia chini ya kioo kama majivu ya sigara.

Hiyo haikuwa kazi ya siku moja. Mzee alikuwa anakufa mara ya pili pale, taratibu, mkono wangu ukiwa humohumo ndani kila asubuhi, na mimi nimempa kisogo kwa heshima.

"Samahani, baba," nikasema. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake.

Ulimi haukufanya chochote. Pampu haikukohoa. Nikalia kidogo, kisha nikajikaza nikatazama saa ukutani. Saa nne na dakika ishirini.

*

Anyelwisye alikuwa kibarazani mwa Nyumba ya Kupikia, mahali pake pa kila siku, blanketi miguuni, kikombe chake cha leo mezani kimefungwa kikisubiri saa sita. Nilipotoka bila kitambaa kichwani alijua. Nilikaa chini karibu na miguu yake nikamweleza yote, Subilaga, Mwalimu Lusekelo, rangi ya kijivu. Nilimaliza nikasubiri anifokee kwa kumtazama baba yake.

Alijifuta midomo kwa kiganja. Polepole, huku na huku.

"Na wewe?" nikamuuliza.

Akakubali kwa kichwa. Wiki tatu sasa, alisema, wepesi wepesi tu, maana yeye hunywa nusu kikombe na nusu anaiacha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, mimi mke wake, tunalala kitanda kimoja.

"Baba amesema ni safi," akajibu. "Mimi ni nani nimwambie baba ulimi wake unadanganya?"

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Sote wawili tulikuwa tumemheshimu mzee yule mpaka tukaua mtu.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa, maana watu huniuliza kwa nini nilikawia. Kila mgonjwa wetu alikuwa na kikombe cha sufuria ya jana, nyumbani kwake, na vifuniko vingefunguka saa sita. Kuwapigia simu mmoja mmoja tusingefika hata nusu. Kulikuwa na njia moja tu ya kuvifunga vyote kwa pamoja: laini ya dharura. Mtunza ulimi anapiga, anatoa taarifa kwa sauti yake, mitambo inaitambua sauti hiyo, basi. Kila kikombe kinajifunga kisifunguke hata saa sita ikifika. Lakini hapohapo Nyumba ya Kupikia nayo inajifunga, masufuria yanamwagwa yenyewe, na hakuna dawa mpaka Mbeya wapime kila kitu na nyumba nyingine ituletee ya akiba. Siku tatu, kama barabara ni nzuri.

Anyelwisye hakuwa na siku tatu. Masika iliyopita daraja lilipokatika alikosa kikombe siku moja, na jioni yake midomo ilikuwa ya bluu, nikawa namsugua miguu huku namwita na haitiki. Hospitali ya wilaya ina vitanda sita vya moyo, na siku ile vyote vilikuwa na watu.

Na ndani mle, kwenye sufuria la shinikizo, kulikuwa na fuzi ya leo. Ningeiacha ipike mpaka saa kumi badala ya saa saba, nikaonja kwa ulimi wangu mwenyewe kama Wachina wa zamani, angepata kikombe cha kweli. Nilifikiria kuchota na kwenda kuimalizia nyumbani, lakini kwenye sufuria la kawaida, kwa huku juu, ingehitaji mkaa mpaka kesho. Ilikuwa ni lile sufuria au basi. Kwa hiyo ningepiga simu baada ya saa kumi, mume wangu angepona, na saa sita ikipita watu zaidi ya mia mbili wangekunywa sisimizi.

Labda wasingekufa. Wengi hawakuwa wamekufa. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba labda. Na upande wa pili pia kulikuwa na labda: nikifunga vikombe, wapo wenye mioyo mibaya kuliko ya Anyelwisye ambao siku tatu hawazifikishi. Nikinyamaza nitakuwa nimewaua kwa kuwanywesha, nikisema nitakuwa nimewaua kwa kuwanyima. Nilisema hivyo, kwa sauti, nikimtazama mume wangu anisaidie.

Sekela alikuwa anaimba kule kwenye mabeseni, hajui lolote. Halafu Anyelwisye akasema kwamba wanaokosa dawa wataipigania, watapiga simu, watabebwa, ndugu zao watahangaika, kila mtu atajua ni wagonjwa. Lakini anayekunywa kikombe chenye taa ya kijani hahangaiki. Anakunywa na kushukuru.

"Piga," akasema.

"Na wewe je?"

"Mimi nitakuwa mmoja wa wanaohangaika. Utanisugua miguu."

Nikaitoa simu. Nikapiga, na ile sauti ya mitambo, ya kike, yenye adabu, ikanipokea. Ikaniuliza mimi ni nani. Nikasema, Atuganile, mtunza ulimi, Nyumba ya Kupikia ya mlimani. Ikaniuliza tatizo. Nikasema ulimi umekufa upande wa kuhisi, taa ya kijani ni ya uongo, siku thelathini na moja. Kisha ikasema:

"Kuthibitisha, taja jina kamili la mwenye ulimi."

Hapo nikakwama.

Siku ya mafunzo, tulipofika kipengele hicho, Sekela aliniwahi akalitaja yeye, watu wote wakajifanya hawakuona. Kwenye fomu nilikuwa naandika herufi za mwanzo tu. Miaka kumi na saba ndani ya ukoo ule jina lile halijapita mdomoni mwangu, hata nikiwa peke yangu, hata nikiwa na hasira, hata nilipokuwa na uchungu wa kumzaa Bupe na wakunga wakinihimiza nitukane nimalize. Nilimpa Anyelwisye simu. Litaje wewe, nilimwambia, ni baba yako.

Akairudisha kifuani kwangu.

"Haiijui sauti yangu," akasema. "Halafu mimi nikilitaja ni mtoto tu anamtaja baba yake. Wewe ukilitaja, hapa mlimani hakuna atakayebisha kwamba ni kweli."

Sauti ikarudia swali lake. Ndani, nyuma yangu, pampu ikakwama. Ikakohoa mara moja, ikakohoa mara ya pili, nami nikahisi miguu inataka kuniinua inipeleke mlangoni. Nikamshika Anyelwisye goti nikabaki nimekaa.

Nikamwona mzee, yaani nikaiona njia ile ya matope, gambuti zinakuja, na mimi kwa mara ya kwanza nimesimama katikati ya njia sijajificha.

"Ambilikile Mwakyambiki," nikasema.

Kule ndani masufuria yakaanza kujimwaga, maji yakapiga kelele kwenye mitaro, na Sekela akaacha kuimba. Mezani, mbele yetu, kikombe cha mume wangu kikalia tiki, kikajifunga kabisa.

Anyelwisye alikitazama. Kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Umelitamka vizuri," akasema.

Nikamvua viatu, nikaiweka miguu yake mapajani mwangu, nikaanza kuisugua.